Mama Analipa Stima Yake

14 Machi

Naandika kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitaonekana mtu mbaya, na kwa boma hili nafasi ya mtu mbaya iko wazi siku zote, inangoja tu wa kuikalia.

Mvua ya kwanza imenyesha. Barasa, kaka yangu, amepiga simu kutoka Kimilili: Mama amelazwa tena, ametoka tena. Mapafu yake yamechoka na moshi wa jikoni wa maisha yote. Daktari hapa Kitale amesema sasa ni mashine ya oksijeni mchana na usiku, mrija puani, na stima isiyokatika. Stima isiyokatika, Kimilili, msimu wa mvua! Huko wingu likipita tu transfoma inazimika.

Kwetu kuna jenereta. Kwetu ni kambini, njia ya Endebess, pale wageni wa Mlima Elgon wanapopiga mahema au kuegesha yale magari yao yaliyobeba nyumba mgongoni. Stima ikikatika, jenereta inanguruma kabla hujamaliza kusema "ai." Mama angekaa hapa angepumua. Lakini Mama hawezi kulala kwa mkwe wake. Mbukusu wa umri wake afadhali alale mtaroni.

17 Machi

Nimeenda kumsihi. Nilimkuta ameketi kitandani, ameegemea mito, anapumua kwa vipande.

"Gathii mwenyewe amesema uje," nikamwambia. Gathii ni mume wangu. Kwao Wakikuyu pia mama mkwe anaheshimiwa, lakini si hivi vyetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe kukimbiana wasionane.

"Mwambie asante. Nyumba ya mkwe silali."

"Si kwa nyumba, Mama. Kuna karavani."

"Karavani ya nani?"

"Ya kambi. Wageni hulala humo. Wazungu, wanafunzi, mtu yeyote."

Akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na stima ya huko inalipwa na nani?"

Nikamweleza. Kila nafasi ya kuegesha ina mlingoti, na kila mlingoti una mita yake ndogo. Ukitaka stima unanunua tokeni ofisini, unapewa karatasi yenye namba, unazibonyeza mwenyewe. Zikiisha, unakaa gizani. Gathii alileta mita hizo mwaka jana, baada ya mgeni mmoja kuchemsha githeri kwa koili kutwa nzima na kutuachia bili ya kiwanda.

"Kila mtu analipa yake?"

"Kila mtu."

"Hata padri akija?"

"Hata padri."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Basi nitakuja. Nyumba ni moto, Phelista. Yule anakuwashia moto ndiye umelala kwake. Nikijilipia moto wangu, niko kwa hoteli. Hiyo nafasi ya kuegesha Barasa atalipa na maharagwe. Lakini siku mtu ya hiyo boma atanilipia stima, hata kidogo, nimelala kwa mkwe, na hiyo siku narudi kwangu."

Nikakubali. Ningekubali chochote.

21 Machi

Mama amefika. Karavani namba nne ndiyo yake, ile tuliyonunua kwa mnada wa shamba la mzungu, magurudumu yake yamezama nyasini. Nilikuwa nimefua pazia na kuweka blanketi mpya. Gathii aliposikia gari alijificha nyuma ya tangi la maji, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, kofia mkononi. Mama akashuka, akaliona tangi, akaona viatu vinavyochungulia chini yake. Akaangalia upande wa mlima, akasema kwa sauti: "Kama kuna mtu nyuma ya hiyo tangi, asalimiwe."

"Asante, Mami!" likajibu tangi.

Wacera alicheka akakaa chini. Wacera ni mdogo wake Gathii, wifi yangu. Alikuwa na saluni Kitale mjini, ikafungwa, na tangu Januari anakaa ofisini kwetu anauza tokeni. Sina neno naye. Sikuwa na neno naye.

22 Machi

Mashine inanguruma vizuri. Mama amelala mchana kama mtoto. Namshukuru Mungu.

27 Machi

Leo Mama amenunua tokeni yake ya kwanza. Alifungua fundo la leso, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akanyoosha kichwa kama anayenunua shamba. Nikachukua karatasi nimsomee namba.

"Wewe una chakula jikoni," akaniambia. "Kuna wageni. Wachela atanisomea."

Mama husema Wachela, kama anavyosema Kitare. Basi nikasimama mlangoni pa jikoni na mwiko, nikawaona pale kwenye mlingoti: Wacera anasoma, Mama anabonyeza, akikosea wanaanza upya, wanacheka. Mimi ndiye niliyemtoa Kimilili. Mimi ndiye niliyefua pazia.

Ugali uliungua kidogo.

3 Aprili

Mvua kutwa. Mahindi yamechomoza upande wa chini. Hakuna mgeni.

9 Aprili

Nimetoka sokoni na nimekuta Wacera akimsuka Mama nywele.

Niandike polepole ili nielewe ni kwa nini nimeumia. Mama hajawahi kufunua kichwa mbele ya mtu. Nimezaliwa, nimekua, nimeolewa, nywele za mama yangu nimeziona mara chache sana, akitoka kuoga. Hata alipolazwa, kitambaa kilikaa pale pale. Nilipokuwa msichana nilimwomba, "Mama, nikusuke," akaniambia nikasuke mahindi. Sasa yuko nje ya karavani namba nne, juani, kichwa kitupu, nyeupe pepe, mrija umepitia mlangoni, amefumba macho. Wacera anagawanya nywele kwa mkia wa kitana.

"Mama Dancan, karibu," akaniambia Wacera. Dancan ni mwanangu, yuko bweni. "Ona nywele za mamako, ni laini, ati kama za mtoto!"

Ona nywele za mamako. Nionyeshwe nywele za mama yangu na Mkikuyu wa Othaya!

"Nimeona," nikasema, nikapita na vitunguu vyangu.

12 Aprili

Amemwita "omukhana wange." Binti yangu. Kwa Kibukusu, na Wacera ameelewa, na amejibu "Mayi," yaani Mama, kwa lafudhi mbovu ya kuchekesha, na Mama amepiga makofi.

Mimi ananiita Phelista.

13 Aprili

Nilimuuliza Gathii usiku kama ameona dadake anavyojipendekeza.

"Anajipendekeza kwa nani?"

"Kwa Mama."

"Si ndio vizuri? Mama ana mtu wa kuongea naye wewe ukiwa na kazi."

Wanaume hawana macho. Ukimwambia mwanamume nyumba inawaka atakuuliza kama chai iko tayari.

16 Aprili

Nilimpelekea Mama mrenda na maleya, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani anayoyapenda, na nimeyahangaikia kutoka Endebess. Alikula vijiko viwili. Ati alikuwa ameshiba. Wacera alikuwa amemletea mukimo, viazi vya kwao vilivyopondwa na mahindi.

Mukimo! Mwanamke wa Kimilili anashiba mukimo!

20 Aprili

Mvua ilikatika saa kumi na moja jioni, jua likachungulia, na ardhi ikafunguka. Kumbikumbi. Walitoka kwa maelfu, na giza lilipoanza kuingia wakaenda kwenye taa.

Nikiwa mdogo, jioni kama hii ilikuwa yetu. Baba akiwa kilabuni, Barasa akiwa mchanga, Mama na mimi tulitega karai la maji chini ya kibatari, kumbikumbi wakaanguka, tukawachota, tukawakaanga bila mafuta, tukala wawili tukiwa tumekaa kwa kizingiti. Hakuna siku nyingine ambayo Mama alikuwa wangu peke yangu. Basi nilipowaona leo nikaacha sufuria motoni, nikachukua karai, nikaenda karibu mbio.

Karai lilikuwa limeshawekwa. Taa ya nje ya karavani namba nne ilikuwa inawaka, ile kubwa, na chini yake Wacera ameinama na sketi imefungwa magotini, anapiga mayowe kila kumbikumbi akimwingia shingoni. Mama ameketi mlangoni na mrija wake, anaelekeza kwa fimbo: "Hapo! Huyo! Wachela, huyo anaenda!" Uso wake ulikuwa umerudi nyuma miaka thelathini.

Hawakuniona. Nilirudi na karai langu. Jikoni nililia, nikajiambia ni kitunguu, na vitunguu sikuwa nimekata.

Nikiwa pale nikakumbuka kitu. Ile taa. Ile taa kubwa, na mashine inayokula stima mchana na usiku, na koili ya chai. Mama hununua tokeni Ijumaa kwa Ijumaa, kile kidogo cha fundo la leso. Mgeni mwingine mwenye friji tu hununua zaidi ya hapo na bado hulalamika. Mama hajawahi kukaa gizani hata dakika moja.

Nani anamwongezea?

22 Aprili

Nimemwona. Nilijua nitamwona. Asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya nyasi, Mama amelala. Wacera alitoka ofisini na karatasi, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaenda kwenye mlingoti wa namba nne, akabonyeza namba zote bila kusomewa na mtu. Mita ikalia kile kilio chake kifupi. Akaitafuna karatasi. Wallahi, aliitafuna!

Ni stima ya kambi, yaani ni stima ya Gathii. Dada wa mkwe anamwashia Mama moto. Lile hasa alilolikataa.

Najua mtu mwema angefurahi. Mtu mwema angesema, asante wifi, umemwokoa mama yangu. Mimi nilifurahi pia, lakini nilifurahi kwa sababu nimempata.

23 Aprili

Nimesema.

Sikupanga kusema leo. Nilimpelekea Mama chai, akaipokea, akaniambia, "Ngoja nimwite Wachela, tunywe naye." Mimi nimesimama hapo. Mimi ndiye nimepika chai. Basi likanitoka.

"Huyo Wachela wako ndiye anakulipia stima," nikasema. "Kila wiki. Nimemwona na macho yangu. Ile tokeni yako inaisha siku ya tatu, nyingine yote ni ya boma hii. Umelala kwa mkwe mwezi mzima, Mama."

Mama aliweka kikombe chini. Nilidhani atashtuka, atamwita Wacera, atamgombeza, na Wacera ataona kwamba hata yeye anagombezwa. Hakumwita. Akaunyoosha mrija puani.

"Mimi ni mzee, Phelista, si mjinga. Nilijua."

"Ulijua?"

"Mtu ambaye amenunua mafuta ya taa miaka hamsini hajui moto wa pesa kidogo unawaka siku ngapi? Nilijua tangu wiki ya kwanza. Lakini alikuwa anafanya nikiwa nimelala, na mimi nilikuwa nalala vizuri. Hakuna mtu alikuwa amenitamkia." Akapumzika kidogo, akavuta pumzi. "Sasa umenitamkia. Masikio hayana kifuniko. Mwite Barasa, aje anichukue."

Nikaanguka magoti. Nikamwambia sikumaanisha, nikamwambia asahau. Maji yakimwagika hayazoleki. Alishaanza kukunja blanketi, ile mpya, akaiweka pembeni ili asiende nayo.

Barasa alikuja na gari la jirani kabla ya saa nane. Mashine ikapakiwa, na ule mtungi mdogo wa akiba, wa dharura. Wacera alikuwa amesimama kwa veranda ya ofisi, mikono kichwani, hajui kosa lake ni lipi. Mama alipita karibu naye, akamgusa shavu, akapanda gari bila kuaga. Mimi hakunigusa.

Mvua ilianza gari likiwa bado langoni.

24 Aprili

Gathii hakula. Aliniuliza swali moja tu: "Ulikuwa unataka nini, Mama Dancan?"

Sijui. Nilitaka kunywa chai na mamangu.

25 Aprili

Mvua.

26 Aprili

Mvua. Nilimpigia Barasa mara nyingi kuliko inavyofaa. Stima ipo. Stima ipo. Stima ilienda ikarudi.

Wacera ananihudumia kwa adabu mpaka inaniudhi. "Mama Dancan, nikusaidie vyombo?" Laiti angenitukana.

28 Aprili

Nimepita karavani namba nne. Nimekuta kitana cha Wacera dirishani na nywele nyeupe chache zimenasa kwenye meno yake. Nilitaka kukitupa. Nimekirudisha pale pale.

29 Aprili

Mti umeangukia nyaya kati ya Kimilili na sijui wapi. Barasa amepiga asubuhi: stima imeenda tangu jana jioni na wale wa stima wanasema wangoje. Mama yuko kwa mtungi wa akiba. Mtungi wenyewe si wa kukaa. Midomo yake imeanza kuwa ya rangi nyingine, na Barasa analia kwenye simu, mwanamume yule.

"Mlete hapa!" nikamwambia.

"Amekataa. Anasema kwa mkwe hatalala mara ya pili. Hospitali pia amekataa, anasema anataka kufia kwake. Phelista, ulimwambia nini?"

Nikakata simu. Gathii alikuwa ameshawasha pikapu. Nikasimama katikati ya uwanja, mvua inanipiga, nikajua kitu kimoja kwa uhakika: nikienda mimi peke yangu, Mama hatatoka pale. Maneno yangu yalishafanya kazi yao. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuyageuza.

Nilienda ofisini. Wacera alikuwa anapanga karatasi ambazo zilishapangwa.

"Wacera," nikasema. Huwa namwita wifi nikiwa na watu na simwiti kitu nikiwa peke yangu. "Ni mimi nilimwambia Mama kuhusu tokeni."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Si ni wewe tu unaangaliaga mita ya namba nne kuliko mimi mwenye ofisi." Hakusema kwa ubaya. Akachukua sweta. "Twende, bana. Utaniombea msamaha njiani."

Lakini njiani sikuomba, yeye ndiye aliyeongea. Gathii akiendesha, mimi katikati, barabara inateleza, vipanguzi vinalia. Tulipopita Ndalu akasema, akiangalia dirishani: "Mimi mama alikufa nikiwa darasa la tatu. Miaka yote ile ya saluni nimesuka vichwa vya Kitale nzima. Mama za watu. Sikuwahi kusuka kichwa ambacho mwenyewe ananiita binti." Akafuta dirisha kwa mkono wa sweta. "Sikuwa nakunyang'anya, Mama Dancan. Nilikuwa naazima."

Ningekuwa mtu mwema ningemkumbatia. Nilimshika kidole kimoja, kidogo tu, nikakiacha. Ndicho nilichoweza.

Kimilili, Gathii alibaki ndani ya pikapu nje ya boma, maana mkwe haingii ua wa mama mkwe wake hivi hivi. Ndani kulikuwa na wanawake wa kanisa wanaimba polepole, ule wimbo wa kumsindikiza mtu, nikataka kuwafukuza wote. Mke wa Barasa, Nasimiyu, alikuwa anampepea Mama na kifuniko cha sufuria. Mama alikuwa mdogo sana kitandani. Alipomwona Wacera macho yalifunguka.

"Umefuata nini?"

Wacera akapiga magoti kando ya kitanda, maji ya mvua yanamchuruzika. Akasema bila kupepesa: "Mayi, nimefuata deni. Ulitoka bila kuniaga."

"Niliambiwa nalala kwa mkwe."

"Nani alisema?"

"Phelista."

"Phelista alikosea. Ile siku nilikuwa napima mita ya namba nne, ilikuwa na shida. Kila mtu hapo analipa stima yake. Hata padri."

Wanawake wa kanisa waliacha kuimba. Mama aligeuza kichwa akanitazama mimi, na ndipo nikaelewa nimeletwa pale kufanya nini. Wacera alikuwa amefungua mlango, lakini mtu wa kupitia ndani yake nilikuwa mimi. Lazima neno lile nilitoe mwenyewe, mbele ya hao wote, lifutwe na mdomo uleule. Na kesho Kimilili nzima itasema: binti wa kwanza alimsingizia wifi yake mpaka mama akakaribia kufa.

"Phelista," Mama akasema. Pumzi ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Ulinidanganya?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulimwona huyu, ama hukumwona?"

"Sikumwona. Nilisema uongo." Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. "Nilimwonea Wacera wivu. Ulikuwa unamwita binti yako."

La kwanza lilikuwa uongo na la pili lilikuwa kweli, na la pili ndilo lililoniuma kulitoa. Mtu mmoja nyuma yangu alisonya. Nasimiyu aliacha kupepea.

Mama alifumba macho. Nikadhani amekataa. Kisha akasema, "Basi nimesikia. Barasa, toa hiyo mashine nje."

Palikuwa na tatizo moja: hawezi kuketi kiti kimoja na mkwe wake. Wacera akachukua ufunguo, maana anajua kuendesha kuliko kakake. Mama akawekwa mbele na mtungi wake, mimi nikambana upande wa pili. Gathii alikuwa ameshapanda nyuma, amejifunika turubai pamoja na mashine, mvua inamtwanga. Mama alipokuwa anapandishwa aliona lile turubai likisogea. Akageukia barabara.

"Huyo mzigo wa nyuma," akasema, "apewe blanketi."

Nikampa yangu.

30 Aprili

Mama yuko namba nne. Jenereta inanguruma. Midomo imerudi rangi. Daktari amekuja, ametugombeza sote, hata Gathii aliyekuwa nyuma ya tangi.

8 Mei

Kupalilia kumeanza. Habari imefika kanisani kabla yangu. Jepchumba wa maziwa ameniuliza kwa huruma ya uongo kama "mmepatana na wifi." Nikamwambia maziwa yake yana maji.

15 Mei

Ijumaa. Fundo la leso, noti iliyokunjwa mara nne, Wacera anasoma, Mama anabonyeza. Nilikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko. Wivu haujaisha, nisijidanganye hapa ambapo hakuna anayenidanganya. Uko pale pale, ila sasa umekaa chini, haunisukumi mgongoni.

24 Mei

Nilimuuliza. Alikuwa anaota jua, Wacera yuko ofisini.

"Mama, kwa nini yeye? Kwa nini ulikubali yeye akuongezee, na mimi hata karatasi hukutaka nikusomee?"

Akageuza uso upande wa jua.

"Wewe ukiniona mgonjwa, unalia na macho," akasema. "Nikikuona unalia, najua ninakufa. Huyu anacheka. Nikiwa naye nasahau." Kisha akaongeza, "Na nywele zangu ulikuwa unavuta. Ukiwa mdogo. Mara moja tu ulinisuka, ulikuwa na miaka minne, nililia machozi."

Sikumbuki. Ati nilimsuka. Nimelala na hilo neno leo kama mtu aliyepewa shamba.

5 Juni

Wacera ameenda Bungoma siku mbili kuchukua nywele za kuuza, anataka kufungua saluni tena, kiti kimoja, hapo getini. Hakuniaga kwa maneno mengi. Lakini nilipoenda kuchukua sukari nikakuta karatasi ndogo imekunjwa chini ya mkebe. Namba tu. Hakuna jina, hakuna salamu.

Nilijua ni ya mlingoti gani.

6 Juni

Nilingoja Mama alale. Alasiri hulala kila siku baada ya dawa. Mvua ilianza kidogo kidogo, ikaongezeka. Nikajifunika gunia la mbolea kichwani, nikaenda kwenye mlingoti wa namba nne nikiangalia huku na huku, mwizi wa kuku. Karatasi ilikuwa inalowa. Nilibonyeza namba ya kwanza, ya pili, vidole vinateleza, nikakosea, nikaanza upya. Hakukuwa na mtu wa kunisomea. Mita ikalia.

Nikainua macho. Mama alikuwa dirishani, macho wazi, kichwa wazi, nywele zimesukwa, mrija puani. Alikuwa ananitazama, na sijui alikuwa amenitazama tangu lini.

Tukatazamana hivyo, kioo katikati. Nilikuwa na karatasi mkononi. Sikujua nifanye nini nayo, nikaitia mdomoni.

Mama akavuta pazia.

Nikabaki nimesimama, mvua inapiga gunia, natafuna namba. Ndani nikasikia anajigeuza kitandani. Kisha sauti yake, ya usingizi, ya mtu ambaye hakuona kitu:

"Nani huyo hapo nje?"

"Hakuna mtu, Mama."

Mashine inapuliza.

"Basi mwambie aingie," akasema, "asinyeshewe."